Mafunjo, Miti na Mita Mia Moja: Sheria ya Kandokando ya Maji Tukiitazama Kawempe

Katika makala haya mafupi tunakusudia kueleza jinsi sheria ya kukata miti na mafunjo kandokando ya maji ilivyoundwa nchini Uganda, na kwa nini ni vigumu kuisoma ukiwa Kawempe. Mwalimu anayeshuka kutoka kilima cha Makerere hadi Kalerwe, akaufuata mfereji wa Nsooba kuelekea Bwaise, hupita juu ya historia hiyo bila kuiona. Maji yale huingia Lubigi, kisha mto Mayanja, Kafu na hatimaye Nile.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka maili za mraba 1,500 za misitu chini ya utawala wa kikoloni. Hoja pale ilikuwa nani mwenye ardhi. Vinamasi vilisubiri hadi mwaka 1986, serikali ilipopiga marufuku ukaushaji mkubwa wa ardhioevu. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 237, ikaifanya serikali kuwa mdhamini wa maziwa, mito na ardhioevu kwa niaba ya wananchi. Mwaka huohuo ikaundwa mamlaka ya mazingira, NEMA.

Kanuni zenyewe zilitoka mwaka 2000. Mito mikubwa iliyoorodheshwa ilipewa ukanda wa hifadhi wa mita 100 kutoka pale maji yanapofikia yakijaa, na mito mingine mita 30. Lakini kwa maoni yetu kifungu kizito zaidi ni kile cha matumizi ya jadi: kuvuna mafunjo, mitidawa, miti na matete hakukuhitaji kibali, wala kilimo kisichozidi asilimia 25 ya eneo la kinamasi. Bila shaka waandishi walimfikiria msuka mikeka mwenye mundu. Mtu huyo hukata mashina ya ebitoogo (ndivyo Waganda waitavyo mafunjo) na kuacha mizizi, nayo huota tena. Anayeing'oa mizizi ili apande magimbi huondoa kinamasi chenyewe, hata kama shamba lake ni dogo. Tena robo hiyo ilikuwa ya kinamasi kizima, ilhali kila mkulima hupima shamba lake peke yake.

Huko Bwaise udongo ulimwagwa juu ya kinamasi, nyumba zikajengwa, na mafuriko yakawa jambo la kila msimu wa mvua. Hata zile mita 30 zikipimwa leo, kamba itapita katikati ya vyumba vya watu. Sheria mpya ya mazingira ilipitishwa mwaka 2019, na mwezi Juni 2024 NEMA ilibomoa nyumba za watu huko Lubigi.

Kiswahili kiliingizwa katika Katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, hivyo kifungu kile tumekifanya zoezi la tafsiri. Neno entobazzi halisumbui: wengi huandika ardhioevu, wachache huandika bwawa, nasi tunasahihisha. Ubishi huanza kwenye matumizi "ya jadi". Wapo wanaotaka "ya mazoea". Ukichagua jadi, mama aliyeanza kulima magimbi Lubigi miaka ya tisini hana pa kusimama. Ukichagua mazoea, anapo.