Dalili, Ushahidi na Yakini: Miaka 48 ya Kuisaka Chembe ya Higgs

Wahenga walituambia kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakutuambia kwamba kila wingu ni mvua. Mkulima wa mpunga alilijua hilo bila ya kufundishwa: huliona wingu, akalitia jembe makali, lakini mbegu haimwagi mpaka ardhi ilowe. Lugha yetu nayo imeweka ngazi tatu katika jambo hili, nazo ni dalili, ushahidi na yakini. Katika mazungumzo ya kila siku huzichanganya ngazi hizo bila ya madhara makubwa. Wako watu, hata hivyo, ambao kazi yao yote imesimama juu ya kuzitenganisha, na historia yao yafaa kusomwa na kila anayejali maana ya neno "kujua". Watu hao ni wanafizikia wa chembe ndogo za maumbile, na kisa chenyewe ni cha chembe iliyotabiriwa mwaka 1964 ikaja kuonekana mwaka 2012.

Mwaka huo wa 1964 wanafizikia sita, katika makundi matatu, walichapisha makala fupi kuhusu fumbo moja. Hesabu nzuri kupita zote walizokuwa nazo zilitaka chembe zibebazo nguvu za maumbile zisiwe na uzito, ilhali maumbile yenyewe yalionyesha kwamba baadhi yake lazima ziwe nzito. Robert Brout na François Englert wa Brussels walitangulia. Akafuata Peter Higgs wa Edinburgh, kisha Gerald Guralnik, Carl Hagen na Tom Kibble waliokuwa London. Jibu lao lilikuwa kwamba ulimwengu wote, hata pale tunapopaita patupu, umeenewa na kitu kisichoonekana kiitwacho uga. Chembe inayoguswa na uga huo huwa nzito, na isiyoguswa, kama ile ya mwanga, hubaki bila ya uzito. Wengi hutoa mfano wa mtu anayetembea majini, nao ni mfano mwema usipovutwa mno. Maji humpunguzia mwendo hata yule aliyekwisha kuanza kwenda. Uga huu haumsimamishi anayekwenda, bali humfanya awe mgumu kuondoka akiwa amesimama, na mgumu kusimama akiwa anakwenda.

Makala ya pili ya Higgs ilikataliwa na jarida lililokuwa likihaririwa CERN, maabara ya nchi za Ulaya iliyoanzishwa mwaka 1954 karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Akaiongezea maneno machache na kuipeleka Marekani, ikachapishwa. Katika nyongeza hiyo ndimo ulimokuwa utabiri: ikiwa uga huo upo, basi ukitikiswa kwa nguvu za kutosha utatoa chembe yake wenyewe. Nusu karne baadaye, maabara ileile ndiyo iliyokuja kuupima utabiri huo.

Utabiri huo ungaliweza kusahaulika kama si Steven Weinberg wa Marekani na Abdus Salam wa Pakistan, ambao mwaka 1967 na 1968, kila mmoja kwa njia yake, waliuingiza uga huo katika nadharia ambayo Sheldon Glashow alikuwa ameichora mwaka 1961. Salam ndiye aliyeanzisha mwaka 1964 kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, ambako wasomi wengi wa nchi maskini, wa Afrika Mashariki wakiwamo, walipata mahali pa kusomea. Nadharia ya watatu hawa iliunganisha nguvu ya umeme na sumaku na ile nguvu dhaifu ambayo bila yake jua lisingewaka. Kwa uzuri ilikuwa nzuri. Lakini uzuri si hoja mbele ya maumbile, na nadharia hiyo ilitoa ahadi zinazoweza kupimwa. Ilidai, pamoja na mengine, kwamba ziko chembe mbili nzito, W na Z, na ikakadiria uzito wake.

Ushahidi wa kwanza, usio wa moja kwa moja, ulipatikana CERN mwaka 1973. Mwaka 1976 Carlo Rubbia na wenzake walipendekeza jambo la ujasiri: mtambo uliokuwa ukijengwa kwa kurusha protoni kwenye shabaha iliyotulia ugeuzwe, ili protoni zikutane uso kwa uso na vinyume vyake, yaani antiprotoni. Simon van der Meer akabuni mbinu ya kuzikusanya antiprotoni hizo na kuzituliza mpaka ziwe mkondo mwembamba. Mwaka 1983 W na Z zikaonekana, moja ikiwa na uzito wa karibu mara 86 ya protoni na nyingine mara 97, kama nadharia ilivyokadiria. Mwaka uliofuata Rubbia na van der Meer wakapewa Tuzo ya Nobel.

Ikabaki chembe ya Higgs, nayo ilikuwa na ugumu wa pekee. Nadharia iliweza kueleza tabia zake zote, isipokuwa uzito wake haikuutaja. Ni kama kuambiwa umtafute mtu ambaye sifa zake zote unazijua, ila hujui anakaa mji gani. Mwaka 1976 John Ellis, Mary K. Gaillard na Dimitri Nanopoulos waliandika makala ya kueleza namna chembe hiyo inavyoweza kutambuliwa, na mwishoni wakawaomba radhi wanaofanya majaribio kwa kutojua uzito wake, wakasema kwamba hawakutaka kuhimiza misako mikubwa. Misako mikubwa kuliko yote ikafuata.

Msomaji atauliza: kwa nini migongano? Chembe nzito namna hiyo haidumu. Ikizaliwa huvunjika papo hapo, kwa hiyo haiwezi kuchimbwa wala kuvuliwa, sharti iumbwe. Einstein alionyesha kwamba nishati na maada hugeuzana, na mgongano mkali ndiyo njia ya kukusanya nishati nyingi mahali padogo. Elektroni hugongana kwa usafi, lakini zikizungushwa katika duara hupoteza nishati nyingi kwa kutoa mwanga. Protoni ni nzito zaidi, hazipotezi sana, kwa hiyo hufika mbali. Kasoro yake ni kwamba protoni si kitu kimoja. Kugonganisha protoni mbili ni kama kugonganisha magunia mawili ya karafuu: zinazokutana hasa ni karafuu mbili tatu, na zilizobaki hutawanyika huku na huko, na mtafutaji hana budi kuchambua takataka zote hizo.

Njia ya kufikia mtambo uliofaa haikunyooka. Marekani ilianza kujenga Texas duara la kilomita 87. Baada ya kutumia dola zinazokaribia bilioni 2 na kuchimba zaidi ya kilomita 20 za handaki, Bunge lake likakata fedha mwaka 1993, na mashimo yakabaki. Huko CERN, mtambo wa elektroni ulioitwa LEP ulionyesha, katika miezi yake ya mwisho ya mwaka 2000, wingu dogo kwenye uzito wa karibu mara 123 ya protoni. Wako waliosihi wapewe muda zaidi. Wakuu wa maabara wakaamua kuufunga ili handaki lake la kilomita 27 litumiwe na mtambo mpya wa protoni, LHC. Ulikuwa uamuzi mchungu, kwani waliosihi waliona kama wanatolewa mezani chakula kikiwa njiani. Leo twajua kwamba wingu lile halikuwa na mvua, na kwamba chembe yenyewe ilikuwa nzito zaidi kidogo, mahali ambapo LEP haukuweza kufika.

LHC una sumaku kuu 1,232 zilizopozwa mpaka nyuzi 271 chini ya sifuri, na protoni huzunguka humo zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde. Ulianza tarehe 10 Septemba 2008. Siku tisa baadaye kiungo kimoja cha umeme baina ya sumaku kikaharibika, tani kadhaa za heliamu zikavuja kwa kishindo, na sumaku zaidi ya 50 zikahitaji kutolewa kwa matengenezo au kubadilishwa. Zaidi ya mwaka ukapita. Tarehe 30 Machi 2010 ndipo migongano ya nguvu kubwa ilipoanza.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Chembe ya Higgs huzaliwa takriban mara moja katika migongano bilioni moja, na huvunjika kwa njia nyingi. Mara mbili hivi katika elfu hugeuka kuwa chembe mbili za mwanga. Wanasayansi huzipima mbili hizo, wakahesabu uzito wa mzazi wake, wakaweka alama kwenye mchoro. Chembe za mwanga zinazotokana na mambo mengine ni nyingi mno, nazo huchora mteremko laini. Kama mzazi wa kweli yupo, alama zitarundikana mahali pamoja na kufanya kichuguu kidogo juu ya mteremko. Swali ni moja tu: kichuguu hicho ni kitu, au ni bahati nasibu?

Hapa ndipo zilipo zile ngazi tatu. Wanasayansi hupima kwa kipimo kiitwacho sigma. Kichuguu cha sigma 3 kinaweza kuletwa na bahati tupu mara moja katika majaribio 700 na ushei, nao hukiita ushahidi. Cha sigma 5 kinaweza kuletwa na bahati mara moja tu katika milioni 3 na nusu, sawa na sarafu kuangukia kichwa mara 22 hivi mfululizo. Hapo tu ndipo huruhusiwa kutamka neno ugunduzi. Atakayesema kwamba moja katika 700 inatosha, akumbuke kwamba hawatazami mahali pamoja. Anayetazama mahali elfu hatakosa kuona ajabu, hata kama hakuna la ajabu. Juu ya hayo waliweka mashahidi wawili, ATLAS na CMS, mitambo miwili mikubwa ya upimaji, kila mmoja na watu wake kwa maelfu na hesabu zake mbali.

Tarehe 13 Desemba 2011 mashahidi wote wawili walieleza kwamba wameona kichuguu kwenye uzito wa karibu mara 133 ya protoni. Ilikuwa dalili, nao hawakuiita kwa jina kubwa zaidi. Wakaendelea kukusanya. Tarehe 4 Julai 2012 Joe Incandela wa CMS na Fabiola Gianotti wa ATLAS walisimama mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaonyesha sigma 5. Higgs, mwenye umri wa miaka 83, alikuwamo ukumbini akajifuta machozi. Englert alikuwamo pia. Brout hakuwamo, kwa kuwa alifariki mwezi Mei 2011, miezi michache kabla ya wingu kuonekana. Mwaka 2013 Higgs na Englert walipewa Tuzo ya Nobel.

Wengi hukisimulia kisa hiki na kukomea hapo, kwenye shangwe. Naona somo lake halikamiliki bila ya kisa cha pili. Tarehe 15 Desemba 2015 mashahidi walewale, kwa mtambo uleule uliokwisha kuongezewa nguvu, walionyesha kichuguu kingine cha chembe mbili za mwanga, safari hii kwenye uzito wa karibu mara 800 ya protoni. Hakuna aliyekitabiri. Kingekuwa kweli, ungefunguka mlango wa fizikia mpya kabisa. Ukiyaweka mawingu mawili, la mwaka 2011 na la mwaka 2015, bega kwa bega, yalikaribia kulingana kwa ukubwa. Wananadharia hawakungoja: katika miezi michache yaliandikwa makala mia tano hivi kueleza kichuguu hicho ni nini, nyingine za werevu mkubwa. Mwezi Agosti 2016, katika mkutano uliofanyika Chicago, mashahidi wakaja na hesabu mpya zenye migongano mingi zaidi. Kichuguu kilikuwa kimetoweka. Hapakuwa na udanganyifu wala uzembe. Ilikuwa bahati nasibu, kama hesabu ilivyoonya.

Hapa ndipo ninapoiona heshima ya kazi hii. Hakuna jicho lililoweza kuyatofautisha mawingu yale mawili siku ya kwanza. Si umri wa mtazamaji, si wingi wa tuzo zake, si uzuri wa nadharia yake. Kilichoyatofautisha ni kungoja na kuhesabu tena, na utayari wa kusimama mbele ya wenzako ukasema: tulichodhani tumekiona hakipo. Mizani iliyompa Higgs haki yake mwaka 2012 ndiyo iliyowanyima haki waandishi wa makala zile mwaka 2016. Mizani isiyoweza kumnyima mtu haki haina thamani hata inapompa.

Wala yakini hiyo si mwisho wa kupimwa. Baada ya 2012 chembe yenyewe iliendelea kuhojiwa kama inatenda kila jambo lililoahidiwa. Nadharia ilisema kwamba zaidi ya nusu ya nyakati itavunjika kuwa kwaki mbili za aina iitwayo botomu. Takataka za migongano zilikificha kitendo hicho mpaka mwaka 2018 kilipothibitishwa. Hata hivyo nadharia hiyo haielezi mvutano unaotuweka ardhini, wala haielezi maada ya giza inayozishikilia nyota katika makundi yake. Chembe nyingine nyingi zilizotabiriwa kwa hesabu nzuri zimetafutwa LHC kwa miaka mingi na hazijaonekana. Kutoonekana huko nako ni elimu, kwa kuwa kunafunga milango ambayo tungepotelea humo.

Peter Higgs alifariki tarehe 8 Aprili 2024, akiwa na miaka 94. Alibahatika kuuona utabiri wake ukithibitika, jambo ambalo Brout, aliyewaza kama yeye na kabla yake kwa wiki chache, hakulipata. Maumbile hayalipi deni kwa kufuata umri wa mdai. Sisi tunaofanya kazi ya maneno twaweza kujifunza kwao adabu moja ndogo: kuiita dalili dalili, kuuita ushahidi ushahidi, na neno yakini kuliweka akiba mpaka siku ardhi itakapolowa.