Nani Aliandika Slaidi ya Saba?

Mwaka wangu wa pili chuoni tulipewa kazi ya kundi: watu watano, slaidi 12, dakika 15. Tukafungua faili moja mtandaoni, kila mtu aandikie kwake. Siku ya kuwasilisha, wenzangu wakaniambia, "Wewe ongea tu, si una mdomo?" Nikasimama mbele ya projekta, nikaongea. Darasa likapiga makofi. Mhadhiri akanisifu kwa jina.

Usiku huo nilifungua historia ya lile faili, ile inayoonyesha kila badiliko, nani alilifanya na saa ngapi. Slaidi nane, ile ya saba iliyosifiwa sana ikiwemo, zilikuwa za mtu mmoja: mwenzetu mkimya, asiye na laptopu, aliyekuwa akiandikia kwenye simu. Saa nane usiku. Saa tisa. Jina langu lilitokea mara mbili tu: nilibadilisha rangi, halafu nikairudisha.

Ndipo nikaanza kufuatilia hiki chombo kilitoka wapi. Tarehe 9 Desemba 1968, jijini San Francisco, Marekani, Douglas Engelbart aliketi mbele ya watu wapatao 1,000. Kwa dakika 90 aliwaonyesha kipanya cha kompyuta, na pia watu wawili wakifanyia kazi andiko moja kwenye skrini, mwenzake akiwa Menlo Park, karibu kilomita 50 kutoka pale. Ilipita miaka mingi kabla ya jambo hilo kuwafikia watu wa kawaida. Writely ilizinduliwa 2005, Google ikainunua 2006, ikawa msingi wa Google Docs. Nasi huku tulisubiri hadi 2009, nyaya za baharini zilipofika Mombasa. Kabla ya hapo tulitegemea sana setilaiti, ghali na mwendo wa kobe.

Sifa alizipata Engelbart. Lakini kipanya cha kwanza kilichotokana na wazo lake kiliundwa na Bill English, ambaye siku ile alikuwa nyuma ya mitambo akiendesha onyesho. Yule wa Menlo Park aliitwa Bill Paxton. Mimi sikuwa nimewahi kuwasikia. Kumbe hata pale mwanzoni kulikuwa na wa kuongea na wa kukesha.

Nilimpelekea mhadhiri ile historia. Alama zilikuwa zimeshaingizwa, sawa kwa sawa. Nikamwendea mwenzetu kumwomba msamaha. Akaniangalia kidogo, akasema, "Mimi nilidhani mnajua."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Muhula uliofuata tulikubaliana: aliyeandika slaidi ndiye atakayeisimamia. Yake ya kwanza, sauti ilitetemeka. Alipofika ya tatu, hakuna aliyekuwa akiangalia simu.