Uzi: Ati Masalani hakuna watu wasio na makao?

Mjadala wa nyumba za bei nafuu ukianza tu, lazima mtu aseme: "Kaskazini Mashariki hakuna wasio na makao, wale ni wafugaji, wanahamahama." Hebu tulia kidogo.

Mfugaji anayefuata malisho hajakosa makao. Miti na mikeka ya nyumba yake iko mgongoni mwa ngamia, na anajua anakoelekea. Kukosa makao ni pale mwingine anapokuamulia.

Na wa kwanza kuamua ilikuwa serikali. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, watu walikusanywa kwa nguvu kwenye vijiji vya ulinzi. Ukipatikana nje, wewe ni adui. Mifugo ilikwisha, na mfugaji bila mifugo atahamia wapi? Halafu Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama vilichoma mtaa wa Bulla Kartasi. Watu waliuawa, nyumba zikawa majivu. Si porojo za wazee, iko kwenye ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013.

Hapa Masalani anayetuhamisha zaidi ni Mto Tana. El Niño ya 1997, tena 2018, 2020, 2023. Mvua ikizidi huko juu, mabwawa ya Seven Forks yanajaa na kufurika, maji yanatufikia hata kama kwetu hakujanyesha tone. Shamba la ukingoni linaenda, nyumba nayo inaenda. Familia inapanda mwinuko na kufunga turubai, ama inaingia kwa shangazi.

Na ikishaingia kwa shangazi, imepotea kwenye hesabu. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilipata watu 46,639 nchi nzima. Huyo ni anayeonekana barabarani. Mama na watoto sita kwenye chumba cha shemeji hawamo. Undugu wetu umeficha shida (na nasema hivi nikiushukuru).

Sheria ya wakimbizi wa ndani ya 2012 inamtambua pia aliyehamishwa na mafuriko. Kwa hivyo mgombea akija na picha za maghorofa, muulize: huyu wa turubai, asiye na payslip wala hatimiliki, yuko ghorofa ya ngapi?