Uzi wa Kalemie, maji ya Kyimbi

Kabla Mbembe wa Fizi hajalazimishwa kulima pamba, alikuwa tayari akiivaa. Kitambaa cha merikani, kizito na kisichotiwa rangi, kilishushwa Unguja na merikebu za Salem, hasa baada ya Seyyid Said kutiliana mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Kutoka Bagamoyo kikabebwa vichwani mpaka Ujiji, kisha kikavuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi. Sehemu kubwa ya kitambaa hicho ilitoka Massachusetts, ambako mashine za viwanda vingi ziliendeshwa na mito. Kwa hiyo uzi uliosokotwa kwa nguvu za maji ulifika ufuko wa Tanganyika zaidi ya miaka mia moja kabla ya mto wowote wa huku kusokota chochote.

Mbinu yenyewe ilianza Uingereza. Mwaka 1771 Richard Arkwright alijenga kiwanda kule Cromford, maji yakizungusha gurudumu, gurudumu likizungusha pia nyingi kwa pamoja. Sharti lilikuwa moja: kiwanda kikae palepale penye maji. Mfanyakazi alihamia mtoni, maana mto hauhami.

Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume. Shamba lilikuwa mahali pake, maji mahali pake, na mashine mahali pengine kabisa.

Shamba lilitangulia. Amri ya Wabelgiji ya mwaka 1917 iliipa serikali uwezo wa kumlazimisha mwanakijiji kulima zao iliyolichagua, hadi siku 60 kwa mwaka. Bei ilipangwa ofisini, na kila eneo likawa na kampuni yake ya kununulia. Pamba ikaenea bonde la Ruzizi na nchi tambarare za kandokando ya ziwa. Anayetaka kujua kwa nini wazee wengi wa huku hawakulipenda zao hili asiulize habari za udongo. Mihogo haimhitaji monitere, yaani msimamizi wa kilimo, wa kupima mistari, wala haimngojei mnunuzi mmoja mwenye mizani yake.

Kusokota kulikuja baadaye, na si Baraka wala Fizi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanda cha Filtisaf kilisimama Albertville, mji tunaouita leo Kalemie, ambako reli ya kutoka bara hukutana na ziwa. Pamba iliyokwisha kuchambuliwa mbegu iliingia kwa marobota, ikachanwa, ikavutwa, ikasokotwa, ikatoka kitambaa. Siku za kwanza mto haukuwemo katika kazi hiyo. Ulifika mwaka 1959, pale mitambo ya Bendera ilipowashwa kwenye mto Kyimbi, karibu na mpaka wa Fizi: mashine mbili, jumla ya megawati 17 na ushei. Maji yakabaki mlimani, nguvu zake zikasafiri kwa nyaya zaidi ya kilomita mia kwenda kusini. Arkwright angestaajabu.

Mwaka uliofuata ukawa wa uhuru, na miaka minne baadaye Fizi na Baraka zilikuwa mikononi mwa waasi wa Simba. Aprili 1965 Che Guevara na Wakuba wenzake walivuka kutoka Kigoma kuwasaidia waasi hao, wakafikia Kibamba, chini ya milima ya Fizi. Shambulio kubwa la kwanza la watu wa Che lilielekezwa kwenye mitambo hiyohiyo. Katika mazungumzo yao mahali hapo paliitwa Front de Force. Tarehe 29 Juni Wakuba, Wanyarwanda na Wakongo waliishambulia kambi ya Bendera, wakashindwa. Wakuba wanne walikufa, na karatasi walizokutwa nazo zikafichua kwamba Kuba imo vitani. Mwisho wa Septemba mamluki wa Mike Hoare, waliopigana upande wa serikali, walishuka Baraka kwa mashua. Novemba Che akarudi Kigoma.

Mitambo ilisalimika. Jambo hili hunishangaza kuliko vita vyenyewe. Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi hao, na chama chake cha PRP waliishi miaka na miaka katika milima ya Fizi, huku Kalemie wakiendelea kusokota kwa umeme uliozaliwa jirani na maficho yao. Mashamba ya pamba ya upande wa Fizi hayakuwa na bahati hiyo: watu walipokimbilia milimani, hakubaki wa kupalilia wala wa kupima mizani.

Filtisaf nayo ilinyamaza, ikiwa imechoshwa na uchumi wa Zaire kabla ya vita vya miaka ya tisini kuja kumalizia. Bendera bado inazalisha, kwa mashine zilezile kuukuu, na nyaya zake zinaelekea Kalemie kama zilivyochorwa mwaka 1959. Baraka, upande wa pili wa milima, wamezoea jenereta na sola. Sokoni kwao vitenge vinapimwa kwa yadi, na vingi vimevuka ziwa kutoka Kigoma.