Mwili Huitika, Haujibu

Istilahi "majibu ya dawa", ambayo baadhi ya wajumbe wa kamati ya istilahi wameipitisha kwa haraka isiyoelezeka ili kutaja nafuu anayoipata mgonjwa wa sonona anapotibiwa kwa ketamini, haifai hata kidogo, kwa sababu katika hospitali za Afrika Mashariki neno majibu limekwisha kupata kazi yake: ni karatasi itokayo maabara, na jamaa wanaosubiri dirishani huuliza "majibu yametoka?" wakiwa na maana hiyo moja tu. Neno linalostahili ni mwitiko.

Shina lake ni ita, kitenzi cha Kibantu kilichozaa itika, yaani kutoa sauti baada ya kuitwa, kama afanyavyo binti anaposema "abee" kabla hajajua anatakiwa kwa lipi. Kutoka itika likaja itikia, ambalo ni kupokea wimbo au salamu, na humo ndimo kilimotoka kiitikio. Wanaopendelea mwitikio wamepitiliza hatua moja, kwa kuwa neno hilo hudokeza kundi linalofuata sauti ya kiongozi, ilhali mwili wa mgonjwa huitwa peke yake. Jibu, kwa upande wake, lina asili ya Kiarabu, wala si ugeni huo unaolinyima nafasi, kwani Kiswahili kingebaki na nini kikiyafukuza maneno ya namna hiyo? Kinacholinyima ni kwamba jibu hudai swali, na kwamba lugha yenyewe humsifu mtoto aitikaye na kumkemea anayejibujibu. Kuandika kwamba bibi wa miaka 76 "hakujibu dawa" ni kumtwika lawama asiyostahili, na inasikitisha kwamba jambo hili linahitaji kuelezwa kwa watu waliokabidhiwa lugha.

Uzito wa neno huonekana penye suala la umri. Ketamini iliidhinishwa Marekani mwaka 1970 kuwa dawa ya usingizi, na jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2000 likaonyesha kwamba huweza kupunguza sonona kwa muda mfupi sana. Mwitiko hupimwa mara nyingi kwa kipimo cha sonona cha Montgomery na Åsberg, chenye alama 0 hadi 60: mgonjwa aliyeanza na 36 huhesabiwa kuwa ameitika alama zikishuka hadi 18 au chini yake, ingawa bado hajapona. Katika jaribio la esketamini, mojawapo ya maumbo mawili ya molekuli ya ketamini, lililowahusu watu wa miaka 65 na zaidi, tofauti kati ya waliopuliziwa dawa puani na waliopuliziwa kisicho dawa haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu baada ya wiki 4. Hata hivyo wa miaka 65 hadi 74 walionekana kuitika vizuri kuliko waliotimiza 75, na waliopatwa na sonona kabla ya miaka 55 vizuri kuliko waliopatwa baadaye. Hivyo umri wa mgonjwa ni jambo moja na umri alioanza kuugua ni jambo jingine. Tena, tukirudi kwenye neno lenyewe, aitwaye akiwa mbali huitika kwa kuchelewa, maana ambayo mwitiko huibeba bila taabu na majibu hayaijui.

Katika matumizi, wingi ni miitiko, kitenzi ni kuitika, na ambaye dalili zimepungua bila kufika nusu huandikwa kuwa ameitika kwa sehemu.