Mwezi wa Ptolemy na Mpima Nyakati wa Damascus

Mtu aliyelelewa pwani hahitaji kitabu cha kumfundisha kwamba mwezi na bahari vina shauri moja. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, yeye hutazamia bamvua. Uonekanapo nusu, hujua kwamba maji mafu yamewadia. Mvuvi aliye mwangalifu hutambua na jambo la pili, nalo ni kwamba mabamvua hayalingani. Liko bamvua lifikalo kwenye mizizi ya minazi na kuziosha mashua zilizopandishwa nchi kavu, na liko liishialo mbali chini yake. Jua lina sehemu yake katika tofauti hiyo, na upepo una sehemu yake; lakini sababu moja iliyo kubwa ni kwamba mwezi haukai mbali nasi kwa kipimo kimoja. Mara hukaribia, mara hujitenga. Tarehe ya namna wanadamu walivyokitafuta kipimo hicho, wakakipotosha, kisha wakakirekebisha, ina mafunzo kwa kila ashughulikaye na elimu, hata kama si mjuzi wa nyota.

Yafaa kwanza tuuangalie mwaka mmoja, uwe mfano. Katika mwaka 2025 mwezi mpevu wa tarehe 13 Aprili ulikuwa mbali na dunia kwa kilomita 406,000 hivi, na ule wa tarehe 5 Novemba kwa kilomita 357,000 hivi. Wa Novemba ulionekana mpana kuliko wa Aprili kwa kadiri ya sehemu moja katika saba, wala si wengi walioitambua tofauti hiyo kwa macho matupu. Sababu yake ni kwamba mwezi huchukua siku 27 na nusu na kidogo kutoka ukaribu hadi ukaribu, lakini huchukua siku 29 na nusu na kidogo kutoka upevu hadi upevu. Mizunguko hii miwili haiendi sambamba. Kwa hiyo ukaribu huangukia mara mwezi mpevu, mara mwezi mchanga, mara nusu, na hupita siku 413 hivi, yaani miezi 14 ya kuandama, hata ukaribu na upevu vikutane tena. Kutoka 13 Aprili hadi 5 Novemba ni siku 206, nusu ya muda huo. Ndiyo maana tulipewa mwezi wa mbali kabisa na wa karibu kabisa katika mwaka mmoja.

Kupatwa nako kuna majira yake. Njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi ikilinganishwa na njia ya jua, na kwa hiyo aghalabu mwezi hupita juu au chini ya kivuli cha dunia bila kuguswa. Mara mbili tu kwa mwaka jua hufika karibu na mahali njia hizo zikutanapo, na hapo ndipo kupatwa kuwezekanapo. Mwaka 2025 mwezi ulipatwa tarehe 14 Machi na jua tarehe 29 Machi. Kisha mwezi tarehe 7 Septemba na jua tarehe 21 Septemba. Jumla ni mara 4, nayo ndiyo kadiri ndogo kabisa ya mwaka. Kubwa kabisa ni mara 7. Kupatwa kwa tarehe 7 Septemba kulionekana Afrika Mashariki, na kilele chake kilikuwa yapata saa 3 na dakika 11 za usiku.

Watu wa kwanza kuyaweka mambo haya katika hesabu walikuwa makuhani na waandishi wa Babeli. Tangu karne ya 8 kabla ya kuzaliwa Kristo waliandika juu ya vibao vya udongo kila kupatwa walikokuona, baba akimrithisha mwana kazi hiyo, hata wakagundua kwamba baada ya miezi 223 ya kuandama, yaani siku 6,585 na theluthi moja, kupatwa hurudi kwa namna ile ile. Katika muda huo mwezi huwa umerudi kwenye upevu wake, kwenye makutano ya njia, na kwenye ukaribu au umbali wake, vyote pamoja kwa kukaribia sana. Kupatwa kwa Septemba 2025 kulikuwa marudio ya kupatwa kwa tarehe 28 Agosti 2007. Theluthi ile ya siku ndiyo itunyimayo kuyaona marudio mahali pamoja, maana dunia huwa imegeuka: kule kwa 2007 kulitazamwa na watu wa Bahari ya Pasifiki na Amerika, nasi tulikuwa mchana.

Wababeli walitabiri vema bila kuuliza mwezi uko mbali kiasi gani. Swali hilo lilishughulikiwa na Wayunani. Hipparchus, aliyeishi katika karne ya 2 kabla ya kuzaliwa Kristo, alitumia kupatwa kwa jua kulikokuwa kamili katika nchi ya Hellespont, lakini huko Iskandaria jua lilifunikwa sehemu nne tu katika tano. Kwa kuwa mahali pawili palitofautiana namna hiyo, ilimpasa mwezi kuwa karibu kiasi cha kuonekana kuhama machoni pa watazamaji wawili. Kwa hoja hiyo alihesabu kwamba umbali wa mwezi ni baina ya mara 71 na mara 83 ya nusu-kipenyo cha dunia. Leo tunajua kwamba wastani wake ni mara 60 na kidogo. Kwa mtu asiye na chombo ila macho na jiometri, hilo si kosa la kumwaibisha.

Yapata mwaka 150 baada ya Kristo, Ptolemy wa Iskandaria aliandika kitabu kilichotawala elimu ya falaki kwa zaidi ya miaka 1,000, kile ambacho Waarabu walikiita Almajisti. Ptolemy alikuwa na kumbukumbu za Wababeli za kupatwa kwa mwezi, ya kwanza ikiwa ya mwaka 721 kabla ya Kristo, na kwa msaada wake aliweza kueleza vizuri mwendo wa mwezi mpevu na mwezi mchanga. Lakini alipoutazama mwezi uwapo nusu aliona jambo lililompa taabu. Katika upevu mwezi hutangulia au huchelewa mahali pa wastani kwa nyuzi 5 hivi. Katika nusu, kosa hilo laweza kufika nyuzi 7 na theluthi mbili. Ugunduzi huo ni wa heshima kubwa, na ni kweli mpaka leo.

Dawa aliyoitumia ndiyo yenye ila. Ptolemy aliuweka mwezi juu ya duara dogo, na duara dogo hilo juu ya duara kubwa. Ili duara dogo lionekane kubwa zaidi wakati wa nusu ya mwezi, alibuni mtambo wa kulivuta karibu na dunia. Mahali pa mwezi angani pakatoka sawa. Lakini kitu kivutwacho karibu huja pamoja na kila kilicho juu yake: kwa hesabu ya Ptolemy mwenyewe mwezi hufika mara 64 ya nusu-kipenyo cha dunia ukiwa mbali kabisa, na hushuka hadi mara 33 na nusu ukiwa karibu kabisa. Maana yake ni kwamba nusu ya mwezi ingeweza kuonekana na upana wa karibu mara mbili ya mwezi mpevu. Hapana mchungaji, wala baharia, wala mtoto aliyepata kuuona mwezi wa namna hiyo.

Basi yatupasa kuuliza: ilikuwaje kosa linaloonekana na kila mwenye macho likadumu katika vitabu kwa miaka 1,200? Si kwa ujinga. Wale waliokitumia kitabu cha Ptolemy walikuwa na akili nyingi kuliko wengi wetu. Jibu ni kwamba kitabu kilifaa. Mtaka kujua siku ya kupatwa, au mahali pa mwezi usiku fulani, alifungua majedwali akapata jibu, nalo likathibitika. Kitu kinachotoa majibu sahihi hakihojiwi upesi. Hata hivyo shaka ilikuwapo. Katika karne ya 11 Ibn al-Haytham, mwenyeji wa Basra aliyeishi Misri, aliandika kitabu kizima cha mashaka juu ya Ptolemy, akishikilia kwamba mipango isiyoweza kuwako kwa kweli haiwezi kuwa maelezo ya mbingu zilizoko. Katika karne ya 13 wataalamu wa Maragha, katika Uajemi, walifuata njia hiyo wakatafuta mipango mipya.

Aliyeikata fundo la mwezi alikuwa mtu wa Damascus, Ibn al-Shatir, aliyezaliwa yapata mwaka 1304. Baba yake alifariki naye angali mtoto wa miaka 6, akalelewa na babu yake, na katika ujana akafundishwa ufundi wa kutia nakshi za pembe. Baadaye alikuwa muwakiti wa msikiti mkuu wa Bani Umayya, yaani mtu wa kupima nyakati za sala kwa jua na nyota. Saa ya jua aliyoichonga katika marumaru kwa ajili ya mnara wa msikiti huo ni ya mwaka 773 wa Hijra, yaani 1371 au 1372. Ibn Battuta alifika Damascus mwaka 1326, wakati kijana huyu alipokuwa na umri wa miaka 20 na kidogo, na miaka 5 baadaye msafiri huyo alikuwa Mombasa na Kilwa. Huo ndio ulimwengu mmoja uliokuwa ukisoma Almajisti na kuswali kwa mwandamo wa mwezi.

Ibn al-Shatir alisema wazi katika kitabu chake cha kusahihisha misingi kwamba mwezi wa Ptolemy ungepaswa kuonekana mkubwa maradufu wakati wa nusu, na kwamba haukuonekana hivyo kamwe. Akauondoa mtambo wa kuvuta. Mahali pake akaweka duara la pili, dogo zaidi, juu ya lile duara dogo la kwanza. Wakati wa upevu na wakati wa mwandamo duara hilo hupunguza kosa la mwezi hadi nyuzi 5. Wakati wa nusu hulizidisha hadi nyuzi 7 na theluthi mbili. Yote aliyoyaona Ptolemy yakabaki, lakini umbali ukatulia. Ukiuita wastani wake 60, mwezi wa Ibn al-Shatir hukaribia hadi 52 na kujitenga hadi 68. Ukweli ni yapata 56 hadi 63 na nusu. Hakufika mwisho wa safari, ila aliurudisha mwezi katika ukubwa ambao macho ya watu yangeweza kuukubali.

Ulaya nayo ililiona kosa hilo. Muhtasari wa Almajisti ulioandikwa na Regiomontanus, uliochapishwa Venice mwaka 1496, ulilitaja. Na tarehe 9 Machi 1497 kijana Copernicus, akiwa Bologna, alitazama mwezi ukiifunika nyota ya Aldebaran, jambo alilolitumia baadaye kupinga umbali wa Ptolemy. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1543. Mpango wa mwezi uliomo ndani yake ni madaraka mawili madogo juu ya duara kubwa: ndio ule ule wa Damascus.

Jambo hili halikutambuliwa na wanazuoni wa siku zetu mpaka mwaka 1957, Victor Roberts alipochapisha uchunguzi wake juu ya nadharia ya jua na mwezi ya Ibn al-Shatir. Nyuma yake alikuwako E. S. Kennedy, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Marekani huko Beirut. Tangu hapo wataalamu wamebishana kama mpango huo ulimfikia Copernicus kwa njia ya mikono ya watu, au kama akili mbili zilikutana mahali pamoja. Hakuna hati iliyopatikana ya kulikata shauri hilo, na mwanafunzi mwaminifu hana budi kuliacha wazi, wala asimwite mmoja mwizi ili kumpa mwingine heshima. Heshima ya Ibn al-Shatir haihitaji mwizi. Inatosha kazi yake.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Kepler aliweka njia za yai mahali pa madaraka mwaka 1609. Jeremiah Horrocks, Mwingereza aliyefariki mwaka 1641 angali kijana, aliufanyia mwezi vivyo hivyo. Na Newton mwaka 1687 akaonyesha kwamba mvuto wa jua ndio uusumbuao mwezi wakati wa nusu. Leo miali ya leza hupigwa kwenye vioo vilivyoachwa juu ya mwezi tangu mwaka 1969, na umbali hupimwa kwa usahihi wa sentimita. Twajua kwamba mwezi huenda mbali nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Mafunzo mawili yatufaa sisi tusomao. La kwanza ni kwamba jibu sahihi si dhamana ya maelezo sahihi. Majedwali ya Ptolemy yalitabiri kupatwa, na bado mwezi uliomo ndani yake haukuwa mwezi wetu. Yalipaswa kupimwa si kwa lile lililotafutwa tu, bali na kwa yale yaliyoachwa bila kuulizwa. La pili ni kwamba kitabu cha Ibn al-Shatir kilikaa miaka 600 katika maktaba. Kilisubiri msomaji ajuaye Kiarabu na hesabu pia, maana ajuaye kimoja tu angekipita. Pwani yetu imejaa maandiko ya kale ya hati za Kiarabu, na yako mengi yasiyosomwa bado na mtu mwenye elimu zote mbili. Vijana wetu wa vyuo wanazo nafasi za kuzipata elimu hizo. Watakaojitia katika kazi hiyo wasiogope kwamba kila kitu kimekwisha kusemwa.