Hewa Ndani ya Tanuru: Tathmini ya Mjadala wa Chuma cha Ziwa Viktoria

Kigongo, wilayani Misungwi, inatazamana na Busisi ya Sengerema kuvuka Ghuba ya Mwanza. Tangu Juni 2025 kingo hizo zinaunganishwa na daraja la takribani kilomita 3; kabla yake watu walivuka kwa feri. Upande wa Busisi ndiko Uzinza, na kusini-magharibi mwake walifanya kazi Warongo, wafua chuma ambao majembe yao yalitafutwa Usukuma katika karne ya 19 kwa kilimo na kwa mahari. Hata hivyo, mjadala mkubwa wa kitaaluma kuhusu chuma cha ukanda huu haukuanzia kwa Warongo, bali kwa Wahaya wa Kagera.

Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao Buhaya. Wazee, ambao kazi hiyo ilikuwa imekoma kwa miongo kadhaa, walijenga tena tanuru kwa mavi ya chuma na udongo wa kichuguu, wakachoma matete shimoni, kisha wakapuliza mivukuto kupitia mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya tanuru. Watafiti hao walidai kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mirija, hivyo joto likapanda kupita nyuzi 1,800 za sentigredi. Rehder (1986) alipinga, na wengine wakafuata. Tangu hapo swali likawa moja: joto lilifika wapi?

Swali hilo lina kasoro. Hata msamiati umechangia, kwa kuwa vitabu husema “kuyeyusha chuma”, ilhali katika tanuru za aina hii kinachoyeyuka kwa kawaida ni mavi. Chuma chenyewe, ambacho huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, hubaki bonge. Kinachokitoa katika mtapo ni kaboni monoksidi ya makaa, inayonyang’anya mtapo oksijeni yake. Hewa ikizidi, chuma kilichokwisha kupatikana huungua tena na kurudi kuwa oksidi. Kwa hiyo mpuliza mivukuto alisimamia mambo mawili yanayovutana, yaani joto na uhaba wa oksijeni. Matete yaliyoungua shimoni yaliongeza kaboni mahali ambapo mavi yalitiririkia.

Tanuru la ombwe la viwanda vya leo linakabiliana na adui yuleyule. Chuma cha pua kikipashwa moto hewani hutoa magamba, na ngozi yake hupoteza kaboni ikawa laini. Ndiyo maana vifaa vya kukatia, kalibu na sehemu za injini za ndege huwekwa katika chumba kilichofyonzwa hewa kwa pampu, hupashwa moto kupita nyuzi 1,000, kisha mara nyingi hupozwa kwa gesi ya naitrojeni. Ulinganisho huu haumaanishi kwamba Mhaya alitangulia kuvumbua ombwe. Dai la namna hiyo lingerudia kosa la kutafuta sifa kwa kushindanisha. Unaonyesha tu kipimo kinachofaa.

Kipimo hicho kinapatikana. Kiasi cha oksidi ya chuma kilichosalia ndani ya mavi huashiria hali ya hewa iliyotawala tanuruni, na mavi hayaozi. Kwa Warongo, ambao Schmidt aliwaeleza kuwa chama cha kazi kilichochanganya koo kuliko kabila, uchunguzi wa namna hiyo ungeeleza ustadi wa kila kundi la mafundi, jambo ambalo kipimo cha joto pekee hakiwezi kulifikia.